Wanaosoma Miswada Kabla Yetu

Hotuba kwa mkutano wa wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili, Louisville, Kentucky

Wazee wetu, viongozi wa makanisa na misikiti mliokuja kutuunga mkono, mama zangu wa maduka na saluni, madereva, vijana: itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye jambo lenyewe.

Tarehe 1 Januari 2023, mpiga picha za harusi katika jimbo hili alitakiwa kuanza kumtoza mteja wake kodi ya mauzo ya asilimia 6. Mwenye ukumbi wa kukodisha kwa harusi na sherehe naye akaingia kwenye orodha hiyo. Safari za Uber, Lyft na teksi zikawekewa kodi yao, asilimia 6 vilevile. Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, nyingi zikiwa za watu wetu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, na majira yale ya kodi kila aliyekaa mbele ya meza yangu aliuliza: "Hii nayo imetoka wapi?"

Ilitoka Frankfort, mji mkuu wa jimbo linapokaa bunge, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa tulipoketi. Ilikuwa ndani ya mswada namba 8 wa Baraza la Wawakilishi, mwaka 2022. Gavana Andy Beshear aliukataa kwa kura ya turufu, na tarehe 13 Aprili 2022 bunge likaipindua turufu yake. Tangu siku hiyo hadi siku mpiga picha alipoanza kudaiwa, ilipita zaidi ya miezi minane. Muda ulikuwepo wa kujiandaa, na kabla ya hapo ulikuwepo muda wa kusema. Sisi hatukusema kwa sababu hatukujua.

Wapo waliojua. Mswada huohuo ndio ulioanza kushusha kodi ya mapato ya watu binafsi, kutoka asilimia 5 hadi 4.5 mwaka 2023, kisha 4 mwaka 2024. Chemba ya Biashara ya Kentucky ilikuwa imelisema jambo hilo kwa miaka: jimbo lipunguze kutoza kile mtu anachozalisha, litoze zaidi kile anachotumia. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Mimi nina mashaka na sera hiyo, maana mtu wa kipato kidogo hutumia karibu kila senti anayopata. Lakini nawaheshimu kwa jambo moja: walijua wanataka nini miaka kabla ya mswada kuandikwa, na mswada ulipoandikwa walikuwepo.

Sikilizeni sehemu inayoniuma. Orodha ile ya huduma za kutozwa ilikuwa na huduma za masoko pia, yaani kazi za kampuni za kutangaza na kunadi bidhaa. Mwaka 2023 bunge lilipitisha mswada namba 360 na kuziondoa huduma hizo, tena kwa kurudi nyuma hadi 1 Januari 2023, kana kwamba hazikuwahi kuwekwa. Mpiga picha akabaki. Mwenye ukumbi akabaki. Dereva akabaki. Sisemi kuna aliyefanya hila. Nasema kwamba kazi ya watu wa masoko ni kujua namna ya kufikisha ujumbe, na wamejipanga kwenye vyama. Wapiga picha wa harusi zetu, hodari walivyo, hawana hata kikundi cha WhatsApp cha kazi yao.

Leo nataka tuangalie kwa makini namna vyama vya biashara vinavyofuatilia na kusukuma sheria katika jimbo hili, maana nimeona watu wetu wakiamini kwamba yote ni fedha. Fedha zipo na nitazisema. Ila nguvu kubwa ya vyama hivi ni mahudhurio. Wako pale siku maneno yanapobadilishwa.

Kwanza mjue bunge lenyewe. Lina watu 138: Wawakilishi 100 na Maseneta 38. Mwaka unaogawanyika kwa mbili hukaa siku 60 za kazi, mwaka mwingine siku 30 tu. Ndani ya siku hizo chache hupita mamia ya miswada kuhusu kila kitu: barabara, mbwa, bangi, walimu, leseni za mafundi bomba. Wabunge wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia riziki, wakili huyu, mkulima yule, mwingine mwenye duka la dawa. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma miswada yote na kuielewa. Kwa hiyo mbunge huuliza. Na swali la mbunge humfikia yule aliye karibu naye, anayejibu haraka, ambaye jibu lake la mwaka jana halikumwaibisha. Mara nyingi huyo ni mtu wa chama cha biashara.

Hapa Louisville kuna Greater Louisville Inc., chemba ya mji, ambayo kila mwaka hutoa ajenda yake ya mambo inayoyataka Frankfort. Kuna Chemba ya jimbo zima, ambayo kwa miaka imekuwa miongoni mwa wanaotumia fedha nyingi kabisa katika ushawishi, yaani kazi ya kuwashawishi wabunge. Kuna NFIB, chama cha kitaifa cha biashara ndogo kilichoanzishwa mwaka 1943, ambacho huwapelekea wanachama wake maswali wapige kura kabla chama hakijatangaza msimamo, na kura ya mwenye karakana ya watu wawili ni sawa na ya mwenye kiwanda. Kuna chama cha mikahawa, cha wauza rejareja, cha hospitali, cha malori, cha mabenki.

Kazi yao huanza wakati sisi tunadhani bunge limelala. Kuanzia Juni hadi Desemba kamati za pamoja za Wawakilishi na Maseneta hukutana kila mwezi, bila kupiga kura ya kutunga sheria, kusikiliza tu. Ukitaka kujua sheria za Januari, sikiliza mazungumzo ya Septemba. Chama cha biashara humpeleka mtu pale, aandike nani ameuliza nini, mbunge gani ametikisa kichwa, hospitali imelalamikia kifungu gani. Januari ikifika na miswada ikianza kuwasilishwa, kila mmoja husomwa siku ileile na kuwekwa kwenye fungu lake: tunauunga mkono, tunaupinga, au tunauangalia tu. Hilo fungu la tatu ndilo kubwa, na ndilo lenye hatari zaidi.

Makampuni makubwa hulipia programu za kufanya kazi hii katika majimbo yote 50 kwa pamoja. Kampuni ya FiscalNote ilianzishwa mwaka 2013 kwa biashara hiyohiyo. Unaandika neno au namba ya kifungu, na programu inakuonyesha kila mswada unaokigusa, kutoka Maine hadi Hawaii. Sisi hatuhitaji hiyo. Bunge la Kentucky lina tovuti yake isiyo na malipo, na ipo huduma iitwayo Bill Watch inayokutumia barua pepe mswada unaoufuata ukisogea. Televisheni ya umma, KET, inaonyesha vikao moja kwa moja.

Ila kuna ujuzi wa kufuata, na huu naomba muuandike. Usifuate jina la mswada. Fuata sura ya sheria. Sheria za Kentucky zimepangwa kwa sura zenye namba, na kila mswada lazima uonyeshe unabadilisha sura ipi. Kodi ya mauzo ni sura ya 139. Mishahara na saa za kazi ni sura ya 337. Saluni na vipodozi ni 317A. Vituo vya afya na vibali vyake ni 216B. Malori na usafirishaji wa abiria ni 281. Mtu anayefuata 317A hatapitwa na mswada wa saluni hata kama umepewa jina la kupendeza kuhusu "ustawi wa nguvu kazi".

Na kwa nini usiamini jina? Mwaka 2018 ulikuwepo mswada wa Seneti namba 151, kurasa 11, kuhusu huduma za maji taka. Wenye kufuata mambo ya maji taka waliufuata, wengine wakaendelea na shughuli zao. Tarehe 29 Machi kamati ikafuta maneno yote ya maji taka na kuingiza kurasa 291 za mabadiliko ya pensheni za walimu na watumishi wa umma. Ndani ya saa chache mabunge yote mawili yakaupitisha. Walimu waliamka wakakuta pensheni yao imeamuliwa usiku, chini ya jina la mabomba ya maji machafu. Walijaa Frankfort kwa maelfu. Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Kentucky ikaifuta sheria hiyo, kwa sababu katiba inataka kila mswada usomwe mara tatu katika siku tatu tofauti, na kilichosomwa siku za mwanzo kilikuwa maji taka.

Ile haikuwa kazi ya chama cha biashara, na naitaja kwa sababu nyingine. Njia ile ya kubadilisha maneno ndani ya kamati, dakika za mwisho, bado inatumika kihalali kila mwaka kwa mambo madogo madogo yasiyoleta walimu barabarani. League of Women Voters ya Kentucky, shirika la kiraia lisilofungamana na chama, ilitoa ripoti mwaka 2023 ikionyesha jinsi miswada ya kupitishwa kwa haraka ilivyoongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika haraka hiyo, mwenye mtu wake mlangoni mwa kamati huyaona maneno mapya. Sisi tulio kazini hapa mjini, barabara ya Preston Highway, tunayaona yakishakuwa sheria.

Jambo jingine la kujua: hapa gavana si ukuta. Katika majimbo mengi kuipindua turufu kunahitaji theluthi mbili. Kentucky inatosha wingi wa kawaida wa wabunge wote, Wawakilishi 51 na Maseneta 20. Ndiyo maana washawishi hapa hawapotezi muda mwingi kwenye ofisi ya gavana. Wanataka mswada wao upite mapema, kabla ya zile siku za mapumziko ya turufu, bunge linapomwachia gavana muda wa kuamua, ili bunge likirudi liwe na nafasi ya kuipindua. Nimewasikia ndugu zetu wakisema, "Gavana ni mtu mzuri, atatusaidia." Anaweza kuwa mtu mzuri na bado asiweze.

Sasa fedha. Kwa miaka ya karibuni makampuni na vyama vimetumia zaidi ya dola milioni 20 kila mwaka kwa ushawishi Frankfort. Takwimu hizo ni za wazi, Tume ya Maadili ya Bunge huzichapisha, na kila mshawishi lazima ajiandikishe na kusema anamfanyia nani kazi. Usajili huo una historia chungu. Mwaka 1992 wapelelezi wa FBI waliivamia Frankfort baada ya uchunguzi walioupa jina la BOPTROT, uliogusa mbio za farasi na kamati ya bunge iliyosimamia biashara na taaluma. Wabunge 15, wa wakati ule na wa zamani, walipatikana na hatia, akiwemo Spika Don Blandford. Kilichotia aibu jimbo zima ni udogo wa viwango: kura ziliuzwa kwa mamia ya dola. Mwaka uliofuata bunge likajitungia sheria ya maadili. Leo mshawishi haruhusiwi kumchangia mgombea wa ubunge wa jimbo, na mwajiri wake haruhusiwi kuchangia wakati kikao cha kawaida kinaendelea. Tangu 2014 hata kikombe cha kahawa hatakiwi kumnunulia mbunge.

Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tumetoka mahali ambapo kwenda ofisi ya serikali bila bahasha ni kupoteza nauli, na tunadhani ushawishi ni jina zuri la jambo lilelile. Kumpigia simu mbunge wako, kukaa mbele ya kamati na kusema jina lako na kazi yako, kumwandikia barua kwamba kifungu cha tatu kitafunga duka lako, hayo yote ni haki ya mtu anayeishi hapa. Hata asiye raia bado anaweza kuzungumza. Kura hana, sauti anayo.

Kuna chombo kimoja cha kitaifa nisichoweza kukiruka. ALEC kilianzishwa mwaka 1973. Ndani yake wabunge wa majimbo na wawakilishi wa makampuni hukaa kwenye kamati moja, wakatengeneza miswada ya mfano, kisha mbunge akarudi nayo kwao na kuiwasilisha. Mwaka 2019 waandishi wa USA Today, Arizona Republic na Center for Public Integrity walilinganisha maandishi ya miswada ya majimbo kwa kompyuta. Walikuta kwamba ndani ya miaka minane zaidi ya miswada 10,000 ilikuwa imenakiliwa karibu yote kutoka kwenye miswada ya mfano ya vyama vya biashara na makundi mengine yenye maslahi, na zaidi ya 2,100 ilikuwa imekuwa sheria. Hapo ALEC hawakuwa peke yao, makundi ya kila upande hufanya hivyo. Lakini fikirini maana yake. Mbunge wa kijijini anasimama kusoma mswada unaotaja shida za watu wake, na maneno yale yameandikwa hotelini katika jimbo jingine na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kijiji hicho.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo linalotugusa moja kwa moja, maana hapa ndipo ushawishi wa biashara unapoanza kufunga mlango wa biashara nyingine.

Wengi wenu mnafanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa majumbani. Wale wanaosaidia kupika, kuoga na usafi wana utaratibu wao mwepesi kidogo. Lakini ukitaka kufungua wakala wa huduma za kitabibu nyumbani, zenye muuguzi, Kentucky inakudai kwanza uthibitishe kwamba huduma yako inahitajika. Unapeleka maombi serikalini, na waliokwisha kuwa kwenye biashara hiyo wana haki ya kusimama kukupinga. Wanepali wawili wa hapa Louisville waliomba mwaka 2018, wakitaka kuwahudumia wazee wao kwa lugha wanayoielewa. Mtandao mkubwa wa hospitali ukawapinga. Serikali ikapiga hesabu yake ikasema Jefferson County, yaani eneo letu hili la Louisville, haina upungufu. Walikwenda mahakamani, na Februari 2022 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Cincinnati ikasema sheria hiyo haivunji katiba, na kama ni sera mbaya, wa kuibadilisha ni bunge.

Sheria za namna hii zilianza New York mwaka 1964, na mwaka 1974 serikali kuu ikayasukuma majimbo yote yawe nazo kwa nia ya kuzuia gharama. Mwaka 1986 serikali kuu yenyewe ikaacha sharti hilo. Kentucky imeendelea nazo. Kila mara unapozuka mjadala wa kuzifuta, chama cha hospitali huja na hoja zake: kwamba hospitali za vijijini zitanyang'anywa wagonjwa wenye kulipa vizuri na kubaki na wasio na bima. Hoja hiyo ina uzito, sitaidharau, kuna wilaya za mashariki mwa jimbo ambazo hospitali ikifungwa mgonjwa atasafiri milima miwili. Lakini mama wa Kikongo mwenye kisukari, anayezungumza Kiswahili na Kibembe tu, akipelekewa muuguzi asiyeelewa anaposema "moyo unanienda mbio", upungufu upo. Hesabu ile haina safu ya lugha. Na haina kwa sababu siku ilipoandikwa hakuwepo mtu wa kuiuliza.

Wasusi wao wanajua kwamba mlango unaweza kufunguka. Hadi mwaka 2016 msusi wa nywele za asili Kentucky, asiyetumia mkasi wala dawa, alitakiwa awe na leseni ya vipodozi: saa 1,800 za shule, ambazo karibu zote hazikumfundisha kusuka. Shule zilipata ada, saluni zenye leseni zilipata ushindani mdogo, na dada aliyesuka tangu utotoni alikaa na hofu ya faini. Shirika la wanasheria, Institute for Justice, lililokuwa likipigania jambo hilohilo katika majimbo mengine, lilishirikiana na wasusi kupeleka mswada. Ukawa mswada wa Seneti namba 269. Ulipita, gavana wa wakati huo, Matt Bevin, akautia saini, na leo wasusi wa nywele za asili hawadaiwi leseni ile. Hakukuwa na maandamano wala mamilioni ya dola. Kulikuwa na maandishi yaliyo wazi, mwenye mswada aliyeelewa, na watu wenye kazi hiyo wakieleza mikono yao inafanya nini.

Mji nao una mipaka yake, na hili liliwapata wafanyakazi. Desemba 2014 baraza la Louisville lilipitisha kwamba kima cha chini cha mshahara mjini kipande kwa hatua hadi dola 9 kwa saa ifikapo 2017. Chama cha mikahawa na chama cha wauza rejareja wakaenda mahakamani na kampuni moja ya hapa. Hatua mbili za kwanza zilikuwa zimeshaanza kutumika. Oktoba 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema mji hauna mamlaka hayo, kwa sababu mshahara ni jambo la sheria ya jimbo. Tukarudi kwenye dola 7.25. Najua humu ndani wamo waajiri na waajiriwa, na hamtakubaliana juu ya kiwango. Lakini nyote mliokuwa mkihudhuria vikao vya baraza la mji wakati ule mjue kwamba walioshinda walikuwa wamesoma sura ya 337.

Na nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mwaka 2022 ulipita mswada namba 499 wa malezi ya watoto: mwajiri akichangia gharama ya mtoto wa mfanyakazi wake kulelewa, jimbo nalo linaongeza sehemu yake kulingana na kipato cha familia. Chemba iliunga mkono kwa nguvu, kwa kuwa waajiri walikuwa wanakosa wafanyakazi, hasa kina mama. Nauliza kwa uchungu: vituo vya malezi vya dada zetu humu ndani, vingapi vimewahi kumweleza mwajiri wa mzazi yeyote kwamba mpango huo upo? Kufuatilia sheria hakuishii kwenye kuzuia mabaya. Kuna mema yanatupita.

Sasa tufanye nini. Tusianze kwa kuunda chama kipya chenye mwenyekiti, makamu na mihuri, maana tunajua vinavyoishia. Tuanze kwa kusoma. Kikao cha bunge huanza mwanzoni mwa Januari, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza. Napendekeza watu watano, kila mmoja sura moja ya sheria, kila mmoja ajiandikishe Bill Watch wiki hii. Jumapili jioni wakutane kwa simu na kusema: umeingia mswada huu, unagusa kifungu hiki, uko kamati fulani, mwenyekiti wa kamati ni wa wilaya fulani. Hilo la mwisho msilipuuze. Mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua mswada utasikilizwa au utakufa droo. Vyama vya biashara humtafuta mfanyabiashara anayeishi kwenye wilaya ya mwenyekiti huyo na kumpeleka yeye akaongee, wala si mshawishi mwenye suti. Ndugu zetu wako Bowling Green, Lexington, Owensboro. Tayari tunao watu kwenye wilaya nyingi kuliko tunavyodhani, ila hatujawahi kuandika nani anaishi wapi.

Ukipata nafasi mbele ya kamati, utapewa dakika chache. Usielezee historia ya safari yako ya ukimbizi, hata kama inastahili kusikilizwa. Taja kazi yako, idadi ya watu uliowaajiri, kifungu unachotaka kibadilike, na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Washawishi huenda na karatasi yenye maneno hayo tayari yameandikwa, ukurasa mmoja, na mbunge mwenye haraka hulichukua neno lililoandikwa. Kiingereza kikikusumbua, nenda na kijana wako akutafsirie. Hakuna aibu.

Pia tusiogope kujiunga na vyama vilivyopo. NFIB wanapouliza wanachama wao maswali, wanataka majibu ya wenye biashara ndogo, na sisi ndio wenye biashara ndogo. Tukijiunga tutakuta mambo tunayoyapinga, na tutayapinga tukiwa ndani, kwa kura.

Karatasi iko pale mezani karibu na chai. Sura ya 139, kodi ya mauzo, nimeshaandika jina langu, hiyo niachieni. Sura ya 317A inahitaji mtu wa saluni. Sura ya 281 naomba dereva, wa lori au wa Uber, tena ningependa wawili, maana malori na abiria ni mambo tofauti. Sura ya 337 achukue mwajiri mmoja na mfanyakazi mmoja, wabishane wenyewe. Imebaki 216B, ile ya vibali vya afya, ambayo ni ndefu na lugha yake ni ngumu. Kuna wauguzi humu ndani, nimewaona. Nani anaichukua?